Poda ya Kabla ya Vita

Yule mama aliyechorwa kwenye kopo la poda alikuwa na shavu moja jekundu na jingine jeupe. Mimi nikadhani ndiyo mitindo ya Ulaya. Nilisimama mbele ya kabati la kioo katika duka moja la pale Gongoni, nimevaa kaptura yangu ya ukarani iliyopigwa pasi ya mkaa, nikimtazama yule mama kwa heshima zote. Halikunijia kabisa wazo kwamba shavu jeupe ndilo lililokuwa limeelekea dirishani, na kwamba jua la Tabora lilikuwa limelibabua kwa miaka mingi huku kopo likimsubiri mjinga wa kulinunua.

Nilikuwa kijana wa kuoa. Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha, Mwingereza bado alikuwa juu, na mimi nilikuwa nimemaliza sekondari na kupata kazi ya ukarani stesheni, kwenye ghala la mizigo. Kwetu ni Ntalikwa, lakini nilikuwa nikiishi mjini kwa dada yangu mkubwa, aliyenilea tangu mama yetu alipofariki. Mchumba wangu alikuwa wa Itetemia, binti wa wakulima Wakatoliki kama sisi, watu wa karanga na mihogo, wapole mpaka uguse jambo la ndoa.

Kwa wasiojua mambo ya enzi zile, nieleze kwanza habari ya sanduku. Kabla ya harusi, upande wa mwanamume ulipeleka kwa kina bibi harusi sanduku la bati lililochorwa maua. Ndani mlikuwa na kanga, gauni, viatu, kioo, na vitu vya kujipambia: mafuta, poda, wanja, marashi, chanuo. Wanawake wa upande wa pili walilifungua hadharani na kutoa kitu kimoja kimoja. Kizuri kilipigiwa vigelegele, kibaya kilipigiwa maneno. Na aliyelijaza sanduku hakuwa bwana harusi. Alikuwa dada yake. Mwanamume alitoa fedha, kisha akakaa kimya.

Dada yangu alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Gongoni nzima, mwenye kaka anayeoa alikuja kwanza kwake. Babu yetu alikuwa mpagazi wa misafara. Alibeba pembe mpaka pwani, akarudi na makovu mabegani na vipodozi vya bibi: wanja, liwa ya kupoza ngozi, udi na dalia, ile poda ya manjano inayonukia. Bibi alijifunza kuvitengeneza na kuvitunza, akamfundisha dada. Dada alikuwa akiusaga wanja wake mwenyewe juu ya jiwe mpaka ukawa laini kama moshi.

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa kutupa. Kila mvua zilipokatika alitandika mkeka uani, akapanga vipodozi vyake vyote, akavikagua kama afisa wa afya. Mafuta alijipaka nyuma ya kiganja, akangoja yapate joto la mwili, ndipo akanusa. Wanja aliupitisha juu ya ukucha. Ukikusanyika vidonge, basi. Dodoki lililokuwa jeusi ndani lilikwenda shimoni. Chanuo lililovunjika meno mawili halikusamehewa. Siku moja alitupa chanuo langu, nami nikalalamika.

"Lina meno mengi bado!" nilisema.

"Na wewe una nywele chache," alijibu. "Hilo linazing'oa. Ukioa na kipara, mimi simo."

Mwanamke kama huyo ndiye niliyemnyang'anya kazi ya sanduku langu.

Sababu ilikuwa majivuno, sina jina jingine la kuyaita. Nilikuwa nimesoma habari za afya na usafi, nikaona aibu mke wa karani kupakwa vitu vya kusagwa kwenye jiwe. Nikamwambia dada anunue nguo, lakini vya uso nitanunua mwenyewe.

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba kuku wake ataanza kupika. "Wewe? Ukasimame dukani uchague poda?"

"Vya dukani ni safi. Vimefungwa kwenye bati. Vijidudu haviwezi kuingia."

"Na kama vilikuwa ndani kabla ya kufungwa?"

Swali hilo shuleni hatukulifundishwa. Nikasema tu kwamba sayansi ni sayansi. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akakubali, maana alinipenda na alizoea kuniachia. Sharti langu la mwisho lilikuwa kwamba nitalifunga sanduku kwa kufuli na ufunguo atauona hukohuko Itetemia, ili naye ashangae. Kweli alishangaa.

Pale dukani nilinunua lile kopo la poda lenye mama wa mashavu mawili. Nilinunua krimu ya uso kwenye chupa nzito nyeupe, marashi yenye kizibo cha kioo, kalamu ya wanja, rangi ya midomo, na brashi ya nywele yenye mpini wa kung'aa. Mwenye duka alikuwa akinipangusia vumbi kila kitu kwa ncha ya shati lake, nami nikaona jinsi anavyonijali. Nilichagua kwa picha na kwa maandishi ya Kiingereza. Kunusa sikunusa. Niliona kunusa ni ushamba.

Siku yenyewe tulikwenda Itetemia kwa miguu, dada mbele na sanduku kichwani, wanawake wa kwetu wakiimba nyuma yake. Alitembea kwa madaha yote ya mtu anayejulikana kwa kazi yake. Wanawake waliingia uani kwa wakwe. Mimi na wanaume wachache tuliketishwa nje ya ua wa matete, tukapewa togwa. Matete hayazuii sauti. Niliyasikia yote.

Aliyeshika ufunguo, niliomkabidhi tulipofika, alikuwa shangazi wa mchumba wangu, mama mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Kanga zilipotoka, vigelegele vilipasua anga. Gauni, vigelegele. Viatu, mtu akasema, "Huyu mtoto atatembea kama bibi wa Bwana Shauri wa bomani!" Nikanywa togwa kwa raha. Kisha nikasikia kifuniko cha bati kikitolewa, na vigelegele havikuja.

"Jamani," shangazi alisema, "hii ni poda au ni ukoko?"

"Gonga tusikie," mwingine alisema.

Akaligonga. Ko, ko, ko. Hata sisi wa nje tulisikia. Poda ilikuwa imegandamana kama tofali.

"Ya kupakia au ya kujengea?"

Wakacheka, lakini bado kwa wema. Mtu akatetea kwamba pengine ni unyevu tu. Ikafuata krimu. Shangazi alipofungua ile chupa nyeupe wanawake walirudi nyuma pamoja. Nilisikia mkeka ukiburuzwa.

"Imetoa maji ya njano! Na hiyo harufu!"

"Kama samli ya mwaka juzi."

"Mwaka juzi? Hiyo imeozea njiani mikononi mwa wapagazi!"

Marashi yakawa siki. Kalamu ya wanja ilipopitishwa juu ya ukucha ikavunjika kama mkaa. Rangi ya midomo ilikuwa imetokwa na vijipele vyeupe, na mama mmoja akauliza kama itapakwa au itapelekwa kwanza kwa mganga. Brashi ya nywele, shangazi alipoipitisha kichwani mwake, nywele za brashi zilibaki kichwani na mpini ukabaki mkononi. Hapo walicheka mpaka wengine wakatoka nje kuvuta pumzi.

Kisha sauti ya shangazi ikabadilika. Alianza kwa Kinyamwezi, akarudi kwenye Kiswahili ili watu wa mjini tusikose hata neno.

"Nani aliyelijaza sanduku hili?"

Wanawake wa kwetu wakaanza kukohoa.

"Nauliza. Maana mtoto wetu ana ngozi, si ubao. Asiyejua kilichooza, kesho mtoto wetu akiugua atajuaje?"

Nilijua dada anajua kwamba nasikia. Kati yetu palikuwa na matete tu. Ningeweza kusimama na kusema maneno mawili: ni mimi. Mzee aliyekaa karibu nami aliniuliza mbona natokwa na jasho kivulini. Nikamwambia togwa ni ya moto. Ilikuwa baridi.

"Ni mimi," nilimsikia dada akisema.

"Wewe? Wewe unayesifiwa mpaka huku?"

"Ni mimi. Nilikosea. Tutaleta vingine."

Shangazi akasema vingine viletwe, lakini asivichague yeye. Na siku ya harusi hatamgusa bibi harusi uso. Watatafuta mtu mwingine wa kumpamba. Dada akasema, "Sawa, mama." Alikuwa ameingoja kazi ya kumpamba mke wangu tangu siku nilipomtajia kwamba nina mchumba.

Njiani kurudi nilimfuata nyuma kama mbuzi. Wanawake wa kwetu hawakuimba tena.

"Dada, nitawaambia," nilimnong'oneza.

"Lini?"

"Harusi ikishapita. Sasa watanicheka, karani mzima, nimenunua poda..."

"Mimi wameshanicheka. Endelea kutembea."

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Ulitaka niseme nini? Mdogo wangu kaenda dukani kajichagulia rangi ya midomo? Wangekunyima mke." Akatembea kidogo, akaongeza, "Ile poda ni ya kabla ya vita. Wakati wa vita hapakuja poda. Hilo nalo hukuweza kulifikiria, na mizigo yote ya treni inapita mikononi mwako?"

Nilikuwa sijalifikiria.

Habari ilifika Gongoni kabla yetu. Kesho yake mchana alikuja jirani, mama ambaye kaka yake alikuwa anaoa mwezi huo na aliyekuwa ameshampa dada kazi. Aliketi, akauliza habari za kila mtu mpaka za paka. Mwishowe akasema, "Shoga, lile sanduku la kaka yangu, naona tusikusumbue. Una mambo mengi."

"Sina mambo," dada alisema.

"Hata hivyo. Upumzike."

Dada akatabasamu, akampa vitambaa alivyokuwa ameshaanza kumkusanyia, akamsindikiza mpaka barabarani. Kisha akachukua ufagio akafagia ua, ambao alikuwa ameufagia asubuhi. Alifagia palepale, palepale, mpaka akaanza kuchimba udongo. Nilikuwa dirishani. Nikaenda kuvaa viatu.

Nilifika Itetemia nimejaa vumbi mpaka magotini. Shangazi alikuwa uani na wanawake watatu wanne, wakibangua karanga. Pembeni ya mlango palikuwa na kikapu, na ndani yake mali yangu yote ya dukani. Hawakuwa wameitupa. Walikuwa wanaiweka ili kila mgeni anayekuja anuse.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mkwe. Umekimbizwa?"

"Nimekuja kusema jambo. Vile vitu alinunua mtu mwingine, si dada yangu. Nilinunua mimi."

Walitazamana. Shangazi akaweka chini ungo wake, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Mnaona?" aliwaambia wenzake. "Mnaona mtoto aliyelelewa? Anamfichia dada yake aibu!"

"Simfichii. Ni kweli."

"Na anaapa!"

"Shangazi, nilikwenda mwenyewe dukani."

"Mwanamume gani atasimama dukani ajichagulie poda? Baba, una moyo. Basi, tumesikia, tumeshasamehe. Mleteeni togwa."

Nikaeleza duka lilipo. Wakasema dada amenifundisha vizuri. Nikataja maandishi yaliyokuwa kwenye kila chupa, neno kwa neno, kwa Kiingereza. Wakasifu elimu yangu. Kadiri nilivyozidi kukiri ndivyo nilivyozidi kuwa malaika, na dada yangu akazidi kuwa mwanamke anayemtuma mdogo wake kumsemea uongo. Mmoja wao alisema hivyo waziwazi. Mchumba wangu alikuwa amesimama mlangoni, nusu ya uso ndani, akinitazama.

Hapo nilipandwa na hasira ya kipuuzi, na ukweli ni kwamba haikuwa ushujaa tu. Ndani kabisa mwangu bado kulikuwa na yule mwanafunzi aliyeamini kwamba kitu kilichofungwa kwenye bati hakiozi, kwamba wanawake hawa hawajui, na harufu ile pengine ndiyo harufu ya Ulaya. Niliinama kikapuni nikatoa ile chupa nyeupe.

"Nilinunua mimi," nilisema, "na ni nzuri. Tazameni."

Nikachota kwa vidole vitatu nikajipaka. Paji la uso, mashavu, kidevu, shingo. Nikasugua sana ili iingie. Maji yake ya njano yalinitiririkia mpaka kwenye kola ya shati.

Hakuna aliyecheka. Shangazi alinitazama, mdomo wazi.

"Huyu kweli alinunua yeye," alisema taratibu. "Asiyenunua hawezi kuitetea hivi."

Ndipo wakacheka. Karanga zilimwagika. Mchumba wangu alitoka mlangoni kabisa, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakimtetemeka, na mimi nikiwa nimesimama katikati yao natoa harufu ya samli ya mwaka juzi niliona kwa mara ya kwanza tangu tujuane kwamba binti huyu ana kicheko kikubwa kuliko umbo lake.

Sikufika mbali njiani kabla uso haujaanza kuwasha. Nilipofika Gongoni jicho moja lilikuwa limeshafumba. Dada alinifungulia mlango, akanitazama, akaninusa. Alinikalisha kwenye kigoda, akaniosha kwa maji ya uvuguvugu, akasaga liwa akanipaka. Vidole vyake vilikuwa vyepesi.

"Sayansi," alisema. Basi.

Asubuhi shangazi alikuja mwenyewe mjini, kwa miguu, na kuku kwapani. Dada alimwacha asimame mlangoni muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu, halafu akamkaribisha. Shangazi hakuzunguka.

"Mwanangu, tulikuvunjia jina kwa kosa la huyu," alisema, akinionyesha kwa kidevu. "Njoo umpambe mtoto."

"Na sanduku?"

"Lijaze wewe. Huyu asikaribie hata kufuli."

Dada alimpamba mke wangu siku ya harusi, siku tatu baadaye, na watu wa Itetemia waliizungumzia ile sura kwa miaka. Sura yangu nayo waliizungumzia. Nilisimama altareni nimevimba kama andazi, na padri aliponiuliza kama nakubali aliuliza mara mbili, nadhani kwa sababu hakuwa na hakika kwamba mdomo wangu unafunguka.

Ningependa kuishia hapo, maana hapa ndipo wajukuu zangu hutaka niishie. Lakini uso wangu ulivimba kwa siku chache tu, na ulionekana Itetemia na Gongoni pekee. Habari ya sanduku lililooza ilikwenda mbali zaidi. Ilipanda treni, ilipanda malori, ikafuata njia zilezile za mizigo na minada. Wanawake wa jirani walirudi kwa dada, si wote. Yule wa paka hakurudi. Na kila miaka ilivyopita, masanduku ya kumjia dada yalipungua, mpaka akawa anasaga wanja wake na wa mke wangu basi.

Mara moja, tukiwa tayari watu wazima wenye watoto, nilimsindikiza Nzega kwenye harusi ya ndugu wa mumewe. Alijitolea kusaidia kupanga vitu vya bibi harusi. Mama mwenye nyumba, ambaye hatukuwa tumewahi kumwona, alimwuliza anatoka wapi, kisha akamtazama vizuri.

"Gongoni? Si wewe yule wa poda ya tofali?"

Safari hii sikungoja. Nilisema palepale, mbele ya watu, kwamba aliyenunua ni mimi, dada yangu hakuwahi hata kuiona. Yule mama akanitazama kwa macho ya huruma.

"Kaka mwema wewe," alisema, na akampa mtu mwingine kikapu cha vipodozi.

Tulikaa stesheni ya lori, juu ya magunia, tukingoja usafiri wa kurudi. Nilikuwa nimekasirika kwa niaba yake. Nilimwambia nitarudi, nitamweleza yule mama tangu mwanzo, duka na kopo na uso wangu.

"Acha," dada alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Unajua ile siku, kwenye ua wa matete? Niliposema ni mimi, nilisema polepole. Nilikuachia nafasi. Maneno mawili tu pale, watu wote wakiwa wamekaa, yangetosha. Sasa hata ukijipaka lami hayawezi kufika kote ilikofika ile habari."

Nimeandika haya kwa kuwa karatasi inafika mahali ambapo mimi sikufika, na pengine atakayesoma ana bibi au shangazi aliyewahi kuisikia habari ile. Amwambie: ni mimi.

Dada aliniangalia nikiwa nimeinamisha kichwa, akanisukuma bega kama tulipokuwa watoto Ntalikwa.

"Nina njaa, karani. Nenda kaninunulie karanga kwa yule mama pale," alisema. "Na uonje kwanza."